Seva Inaposema Imejaa: Somo la Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi njia moja ya kufundisha utafutaji wa hitilafu katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mfano tutakaoutumia ni wa seva, yaani kompyuta inayotunza kazi za watu wengi na kuzigawa kwa kompyuta nyingine, inapokataa kupokea kazi mpya kwa madai kwamba haina nafasi. Tumeuchagua mfano huu kwa kuwa ni rahisi kuuigiza darasani kwa vifaa visivyo na gharama. Tumeuchagua pia kwa kuwa sisi wenyewe tulikosea mbele yake, na kosa letu liliwaumiza watu wasiokuwa na hatia.

Tulikuwa tumekwenda kusimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ya Ilala, si mbali na soko la Kariakoo. Shule hiyo ilikuwa na seva ndogo iliyotunza vitabu vya kiada, picha za masomo na alama za wanafunzi. Asubuhi ya Jumatatu mwalimu wa taaluma alipotaka kuingiza alama za majaribio, seva ilimjibu kwamba hakuna nafasi iliyobaki kwenye diski. Tulipoulizwa tufanye nini, tulijibu bila kusita: ikiwa imejaa, ifutwe. Tukafuta picha kubwa kubwa. Seva ikakubali kwa dakika chache, kisha ikakataa tena. Tukafuta vitabu viwili. Ikakubali, ikakataa. Mwisho tukaiona folda iliyoandikwa "zamani", nasi tukaifuta nzima pasipo kuifungua.

Ndani ya folda ile mlikuwa na alama za mihula miwili za Darasa la Sita. Hapakuwa na nakala ya akiba. Walimu waliokuwa wameandika alama zao pia katika daftari za karatasi walizirudisha kwa kazi ya siku tatu. Alama za Hisabati hazikuwa kwenye karatasi yoyote, na watoto wale walilazimika kufanya majaribio upya. Nayo seva ikaendelea kusema imejaa. Siku ya Alhamisi ndipo ilipogunduliwa kwamba, kati ya gigabaiti 16 za sehemu ile ya diski, gigabaiti 9 tu ndizo zilizokuwa zimetumika. Nafasi ilikuwapo wakati wote. Tulikuwa tumetibu ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao.

Kwa Nini Somo Hili Lifundishwe

Huenda mwanachuo akauliza: mambo ya seva yanamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi, ilhali kuna mafundi? Jibu letu ni kwamba tunalofundisha hapa ni tabia ya akili. Mtu anayekutana na hitilafu ana njia mbili. Aweza kutenda kwanza na kufikiri baadaye. Au aweza kuuliza, kupima, kudhani, kujaribu jambo moja, kisha kupima tena. George Polya, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria, alieleza mwaka 1945 hatua nne za kutatua fumbo la hisabati: kulielewa, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, na kurudi nyuma kuitazama kazi. Fundi hodari wa kompyuta hufuata hatua hizo hizo, hata kama hajapata kulisikia jina la Polya.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi kama taifa. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha, katikati ya jiji hili hili la Dar es Salaam. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila ruhusa maalumu, na miaka mingi ilipita kabla ya milango kufunguliwa tena. Waliolichunguza jambo hilo wametaja gharama ya fedha za kigeni, na pia upungufu wa watu walioielewa na kuisimamia mitambo yenyewe. Hatukusudii kuwahukumu waliotangulia. Tunasema tu kwamba chombo kisichoeleweka, kinapoharibika, hufungiwa kabatini. Mwalimu asiyejua kutafuta chanzo cha hitilafu ataifungia kompyuta ya shule kabatini vivyo hivyo, na watoto ndio watakaoikosa.

Mambo Ambayo Mwalimu Hana Budi Kuyaelewa Kwanza

Mtoto wa Ilala hahitaji kuelezwa stoo ni nini. Jengo la soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa likiwa na sehemu ya chini ya ardhi. Na kandokando ya mitaa ya Kongo, Sikukuu na Msimbazi watoto huwaona wapagazi wakiingiza na kutoa mizigo kutwa nzima. Wanajua kwamba stoo ina rafu za kuwekea mizigo, na kwamba mtunza stoo ana leja anayoandika kila mzigo ni wa nani na umewekwa wapi. Mzigo usioandikwa katika leja haupokelewi, kwa maana hakuna atakayeweza kuupata tena.

Diski ya seva nayo ina rafu na leja. Rafu zake zimegawanywa katika vyumba vidogo, ambavyo kwa kawaida ni vya kilobaiti 4 kila kimoja. Faili yenye maandishi, hata yawe ya herufi moja tu, hukalia walau chumba kimoja. Leja yake ina mistari, na kila faili huchukua mstari mmoja. Mstari huo huitwa inodi. Katika mfumo wa faili uitwao ext4, unaotumika sana kwenye seva zenye mfumo endeshi wa Linux, diski inapoandaliwa bila maelekezo ya pekee hutengewa inodi moja kwa kila kilobaiti 16 za nafasi. Kwa hiyo gigabaiti 16 hupata inodi 1,048,576. Idadi hiyo hupangwa siku diski inapoandaliwa. Leja haiongezewi kurasa kwa sababu tu biashara imekua.

Sasa mwanachuo na apige hesabu. Ikiwa mtu ataleta faili ndogo ndogo 1,048,576, kila moja ikikalia chumba kimoja cha kilobaiti 4, leja itakwisha ilhali rafu zilizojaa ni gigabaiti 4 tu, yaani robo ya stoo. Mzigo unaofuata utakataliwa mlangoni, na jibu la seva litakuwa lile lile: hakuna nafasi. Hivi ndivyo ilivyokuwa katika shule tuliyoitaja. Programu moja ilikuwa ikiandika faili ndogo kila mwanafunzi alipofungua ukurasa, na haikuwa na desturi ya kuzifuta. Kila picha kubwa tuliyoifuta iliacha wazi mstari mmoja tu wa leja, nao ulichukuliwa papo hapo.

Vyanzo Vitano Chini ya Dalili Zinazofanana

Mwalimu na ayafahamu mambo matano yafuatayo kabla ya kuingia darasani. Yote huonekana kwa mtumiaji kama kitu kimoja: seva imekataa kuandika.

(a) Rafu zimejaa kweli. Amri ya df -h huonyesha kila sehemu ya diski ina nafasi kiasi gani na kiasi gani kimetumika. Ikithibitika kwamba rafu zimejaa, amri ya du hutumika kupita folda moja baada ya nyingine na kujumlisha uzito wa faili zake, ili ijulikane mzigo mkubwa uko wapi. Mara nyingi mzigo huo si kazi za watu, bali ni kumbukumbu za matukio ambazo mfumo endeshi na programu zake hujiandikia kila siku.

(b) Leja imejaa. Amri ya df -i huhesabu inodi. Hapa dawa si kufuta faili kubwa, bali ni kuitafuta folda yenye faili ndogo nyingi, kujua zinaandikwa na nani, na kumzuia mwandishi huyo asiendelee. Anayefuta faili hizo bila kuizuia programu inayoziandika anachota maji ilhali bomba liko wazi.

(c) Mzigo umefutwa jina lakini bado uko rafuni. Katika Linux, faili inayofutwa wakati programu fulani ingali imeifungua hupoteza jina lake tu. Nafasi yake hairudishwi mpaka programu hiyo iiachie. Dalili yake ni kwamba df na du hazipatani: ya kwanza inasema stoo imejaa, ya pili ikijumlisha mizigo yenye majina inapata kidogo. Tofauti hiyo ni ushahidi wa thamani kubwa. Amri ya lsof husaidia kumtambua aliyeushikilia mzigo, na kuizima na kuiwasha upya programu hiyo kwa utaratibu huirudisha nafasi.

(d) Mtunza stoo amefunga kalamu. Mfumo endeshi ukigundua makosa katika maandishi ya diski, waweza kuamua kwamba diski isomwe tu, isiandikwe, ili uharibifu usienee. Mara nyingi ujumbe wenyewe hutaja kusoma tu, lakini mtumiaji aliyekwisha kukasirika hausomi. Jambo hili laweza kutokea baada ya umeme kukatika ghafula, au diski inapoanza kuchakaa. Amri ya dmesg huonyesha malalamiko ya mfumo endeshi. Hapa wajibu wa kwanza ni kunakili kazi zote muhimu kwenye diski nyingine. Ukarabati kwa amri ya fsck hufuata baadaye, na kamwe haufanywi juu ya diski ambayo ingali inatumika.

(e) Mwenye kuomba hana ruhusa. Folda ni ya mtu mwingine, au nafasi iliyobaki ni ya akiba. Mfumo wa ext4 kwa kawaida huweka kando asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu. Hivyo mwalimu aweza kukataliwa, naye msimamizi akakubaliwa katika diski ile ile na saa ile ile.

Kabla ya kuondoka hapa, tutaje jambo moja linalowasumbua wanunuzi. Mtu hununua Kariakoo diski iliyoandikwa gigabaiti 1,000, akaifunga, na kompyuta ikamwonyesha 931. Hukimbilia kudhani kwamba ameibiwa. Ukweli ni kwamba kiwanda kilihesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, na kompyuta yake inahesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Mzigo ni ule ule, vipimo ni viwili. Tofauti na hiyo ni flashi bandia, ambayo hudai ukubwa isiokuwa nao. Hiyo haigunduliwi kwa kusoma namba iliyoandikwa juu yake, bali kwa kuijaza data yote inayodai kuibeba, kisha kuisoma tena na kulinganisha. Hapa tena twaona kwamba kipimo ndicho hutenganisha tuhuma na ukweli.

Andalio la Somo

Darasa: la Sita au la Saba. Muda: vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80.

Madhumuni: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze (i) kueleza kwamba dalili moja yaweza kuwa na vyanzo zaidi ya kimoja, (ii) kutaja kipimo kinachotofautisha vyanzo viwili, (iii) kufuata kanuni ya kubadili jambo moja kwa wakati mmoja.

Zana: Boksi moja la katoni linaloweza kupokea viberiti vitupu 48 na si zaidi; viberiti vitupu 48; karatasi moja yenye mistari 12, ambayo itakuwa leja; kalamu; ubao. Kompyuta si lazima.

Hatua ya kwanza (dakika 15). Mwalimu amteue mtunza stoo, naye aikalie leja. Boksi liwekwe mezani, mdomo wake ukiwa umeelekea upande wa mtunza stoo ili darasa lisiuone ndani. Wanafunzi 12 waje mmoja mmoja, kila mmoja na kiberiti kimoja, waandikishwe na waweke mzigo. Akija wa kumi na tatu, mtunza stoo aseme: "Hakuna nafasi." Mwalimu aliulize darasa tufanye nini. Wengi watasema viberiti vitolewe. Mwalimu asiwakosoe, ayaandike mapendekezo yote ubaoni.

Hatua ya pili (dakika 20). Mwalimu aulize: "Tumejuaje kwamba boksi limejaa?" Anyamaze na kusubiri. Katika darasa moja tulilolitazama, kimya kilidumu karibu dakika nzima, kisha msichana mmoja akainuka na kuomba ruhusa ya kuchungulia.

"Mwalimu, ndani ni kutupu kabisa! Robo tu imejaa."

"Basi kwa nini mwenzenu amekataliwa?"

"Kwa sababu karatasi imekwisha, mwalimu."

Hapo mwalimu asiongeze neno. Wanafunzi wenyewe wameligundua jambo ambalo sisi watu wazima lilituchukua siku nne.

Hatua ya tatu (dakika 25). Boksi na leja visafishwe, kisha mchezo urudiwe. Safari hii kila mteja alete viberiti vinane kwa mstari mmoja. Mteja wa sita atakapoweka mzigo wake, boksi litakuwa limejaa ilhali mistari sita ya leja ingali wazi. Wanafunzi walinganishe michezo miwili kwa kuchora jedwali ubaoni lenye safu tatu: dalili, kipimo, chanzo. Darasa likiwa jepesi, mwalimu aongeze mchezo wa tatu: mteja mmoja adai jina lake likatwe, lakini aendelee kushikilia viberiti vyake ndani ya boksi. Darasa lijadili kama nafasi imepatikana, na ni nani wa kuombwa aachie.

Hatua ya nne (dakika 20). Mwalimu ayarudie mapendekezo yaliyoandikwa mwanzoni na aulize lipi lingesaidia katika mchezo wa kwanza, lipi katika wa pili, na lipi lingeleta hasara bila faida. Kisha darasa litunge kanuni zake lenyewe. Mwalimu aweza kuzielekeza zifanane na hizi:

1. Soma ujumbe wote kabla ya kugusa kitu.
2. Uliza nini kimebadilika tangu chombo kilipokuwa kizima.
3. Pima kabla ya kutibu.
4. Nakili kabla ya kufuta, na fungua kabla ya kunakili.
5. Badili jambo moja tu, kisha pima tena.
6. Andika ulichokifanya na saa uliyokifanya.

Pale ambapo shule ina seva, mwalimu aonyeshe df -h na df -i zikitoa majibu mawili tofauti juu ya diski moja. Amri hizi husoma tu, hazibadili kitu, hivyo hazina hatari. Amri za kufuta zisionyeshwe katika somo hili hata kidogo.

Matatizo Yanayowapata Walimu Wanafunzi

Tatizo la kwanza ni haraka. Mwanachuo huona kimya cha darasa kuwa ni kushindwa kwake, akalitoa jibu. Kimya cha hatua ya pili ndicho somo lenyewe. Akikivunja ameufuta mchezo wote.

La pili ni kuwageuza watoto kuwa wakariri wa amri. Mwanafunzi anayeijua df -i lakini hajui kwa nini stoo ina leja hatafaidika siku atakapokutana na hitilafu ya aina nyingine. Anayelielewa swali la "nimejuaje?" ataweza kulitumia kwa pampu ya maji isiyotoa maji, kwa baiskeli isiyokwenda, hata kwa hesabu isiyokubali.

La tatu ni aibu. Watu wengi waliokosea huficha kosa lao, hasa mbele ya watoto. Sisi tuliporudi katika shule ile tuliingia Darasa la Sita na kuwaeleza wanafunzi waziwazi kwamba sisi ndio tuliozifuta alama zao, namna tulivyofanya, na swali tulilopaswa kuuliza. Mtoto mmoja alituuliza: "Kwani hamkuifungua kwanza?" Hatukuwa na la kujibu. Lakini tangu siku hiyo kanuni ya nne imekuwa ikiandikwa ubaoni katika kila somo letu.

Hitimisho

Tumeona kwamba seva inayosema imejaa yaweza kuwa na rafu zilizojaa, leja iliyokwisha, mzigo usio na jina, diski iliyofungwa isiandikwe, au mwombaji asiye na ruhusa. Tumeona pia kwamba anayekimbilia kufuta aweza kupoteza kile ambacho seva iliwekwa ikitunze. Kazi ya mwalimu ni kumzoesha mtoto kusimama kidogo kati ya dalili na tendo. Subira hiyo haihitaji umeme wala fedha za kigeni. Yahitaji boksi, viberiti, na mwalimu aliye tayari kunyamaza.

Maswali ya Kujipima

1. Diski ya gigabaiti 32 imeandaliwa kwa kanuni ya inodi moja kwa kila kilobaiti 16. Ina inodi ngapi? Faili za chumba kimoja kimoja zikiimaliza leja, rafu zitakuwa zimejaa kwa kiasi gani?
2. Mwalimu mwenzako amefuta faili kubwa lakini nafasi haikuongezeka. Taja vyanzo viwili vinavyowezekana na kipimo cha kuvitofautisha.
3. Kwa nini ni kosa kuanza ukarabati kabla ya kunakili kazi, diski inapokubali kusomwa tu?
4. Tunga mchezo wa darasani, kwa kutumia vitu vinavyopatikana katika mtaa wa shule yako, utakaoonyesha dalili moja yenye vyanzo viwili.